Michirizi, mafuta na swali moja la mkunga

Michirizi yangu ya kwanza sikuiona mimi. Aliiona mume wangu, jioni moja nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeegemea mikono, naye amepiga magoti ananivisha soksi kwa sababu miguu yangu mwenyewe nilikuwa siifikii tena. Mimba ilikuwa na wiki 29. Akanyamaza, akainamisha kichwa, akasema, "Hapa chini ya kitovu ni kama umeparuliwa na paka."

Nikamtuma kile kioo chake kidogo cha kunyolea. Nilikishika chini ya tumbo, nikakigeuzageuza kutafuta mwanga, mara nikaiona: mistari mitano ya zambarau iliyokolea, imepanda kutoka kwenye kinena kuelekea kitovuni, kila mmoja urefu wa kidole changu cha mwisho. Nilipoigusa ilikuwa imeinuka kidogo, laini na ya moto kuliko ngozi ya pembeni yake.

Nililia. Leo nacheka nikikumbuka, ila siku ile nililia kweli, na mistari yenyewe haikuwa sababu kubwa. Nilikuwa nimepaka mafuta asubuhi na usiku tangu wiki ya 12 bila kuruka hata siku moja, na wiki iliyotangulia tu nilikuwa nimejitapa kwa wifi yangu kwamba mimi nimeshavuka, tumbo langu ni kioo. Kumbe nilikuwa nalitazama kwa juu. Mjamzito halioni tumbo lake lote, na michirizi hupenda kuanzia pale pale ambapo macho ya mwenye tumbo yanaishia.

Mafuta niliyokuwa nayo yalikuwa ya aina tatu: ya nazi, ya zeituni na krimu ya siagi ya kakao, na kila moja lilikuwa na mtetezi wake. Aliyeniambia ya nazi aliapa kwa watoto wake wanne. Wa zeituni alisema nipashe joto kwanza. Wa kakao alisema hayo mengine ni ya kupikia. Mimi nisiyetaka ugomvi nikapaka yote, kwa zamu, na siku moja nikayapaka yote kwa pamoja, nikaingia bafuni na nyayo zilizojaa mafuta, nikateleza. Niliwahi kushika beseni la kunawia mikono. Nadhani katika mimba ile yote hapakuwa na wakati niliomweka mtoto hatarini kama sekunde zile mbili, na nilikuwa napigania urembo wa tumbo. Tangu siku hiyo napaka nikiwa nimekaa kitandani, na nikimaliza nafuta nyayo kwa taulo kabla ya kusimama.

Mama alipokuja kunitazama nilimwonyesha kwa sura ya mtu anayeonyesha msiba. Akaitazama michirizi, akanitazama mimi, kisha bila neno akapandisha blauzi yake. Nilikuwa sijaliona tumbo la mama tangu nikiwa mtoto wa kuogeshwa. Lilikuwa limejaa mistari myembamba, myeupe-myeupe yenye mng'ao, kama njia aliyopita konokono. Akaweka kidole kwenye mmoja upande wa kushoto. "Huu ni wewe," akasema. Akahamia kulia. "Hii yote ni kaka yako, alikuwa mkubwa."

Nikamuuliza kama hakupaka kitu.

"Nilipaka, mwanangu. Nilipaka mpaka shuka zikawa hazitakati."

Laiti ningemuuliza miezi mitano kabla. Ukitaka kukisia kama utapata michirizi, anza na tumbo la mama yako na la dada zako, kwa sababu hali hii hufuata damu kuliko inavyofuata chupa. Kisha jitazame mwenyewe: kama ulipovunja ungo ulipata mistari nyongani, mapajani au kwenye matiti, ngozi yako imekwishakuonya. Mimi nilikuwa nayo nyongani tangu nina miaka 13, na sikuwahi kuihusisha na mimba hata kidogo.

Umri nao una neno lake. Wengi hudhani ngozi changa inavutika vizuri zaidi, kumbe ni kinyume: wanaobeba mimba wakiwa wadogo hupata michirizi zaidi ya waliochelewa. Mimi nilikuwa na miaka 22. Wifi yangu, ambaye mimba yake na yangu zilipishana wiki tatu, alikuwa na 34. Yeye hakupaka chochote, hata losheni ya kawaida alikuwa anasahau, na alijifungua mtoto wa kilo 3.9 bila mstari hata mmoja. Mama yake naye hana. Kama angekuwa amepaka mafuta fulani, leo angekuwa anayatetea kwa kiapo, na mimi ningemwamini. Ndivyo mafuta mengi yanavyopata sifa: yanapakwa na mtu ambaye asingepata michirizi hata angejipaka maji ya bomba.

Usiku wa mimba ni mrefu, kwa hiyo nilisoma. Nilichokielewa ni kwamba ngozi ina tabaka la juu, lile tunalolipaka, na chini yake kuna tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni na elastini, ambazo ndizo zinazoipa ngozi uimara na uwezo wa kurudi ikivutwa. Michirizi ni nyuzi hizo za chini kukatika. Juu ngozi ni nzima, ndiyo maana haitoi damu wala kidonda, ila ukipitisha kidole baadaye unahisi kijibonde. Na si kuvutika peke yake kunakozikata. Wakati wa ujauzito homoni kama kotizoli hupanda, nayo hupunguza utengenezaji wa nyuzi, kwa hiyo ngozi inavutwa kipindi kile kile ambacho imelegea. Mafuta yanakaa juu. Kazi yote inafanyika chini.

Nilipojua hivyo sikushangaa sana kuona matokeo ya tafiti. Mwaka 2012 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, lilitoa mapitio ya majaribio sita yenye wanawake 800, likahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutegemewa kuwa mafuta na krimu za kupaka huzuia michirizi ya ujauzito. Jaribio moja la Lebanoni la mwaka 2008 lilinigusa kwa sababu lilihusu kakao yangu. Wanawake 175 wa mimba ya kwanza walifuatiliwa hadi mwisho, baadhi wakipaka losheni ya siagi ya kakao na wengine losheni inayofanana nayo isiyo na kakao, bila wenyewe kujua nani ana ipi. Waliopaka kakao, 45 kati ya kila 100 walipata michirizi. Wale wengine, 49. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuijengea duka.

Sisemi mafuta ni ya kutupa. Ngozi inayovutwa hukauka na kuwasha, na mafuta yanatuliza. Kukandwa taratibu nako kuna raha yake, na kuna watafiti wanaohisi kwamba kama kuna msaada wowote basi unatoka kwenye mkono kuliko kwenye chupa, ingawa hilo halijathibitika. Mimi nimebaki na msimamo kwamba mafuta ya kumpaka mjamzito ni yale anayoyapenda harufu, yasiyomkera ngozi na yasiyomfilisi. Nasema yasiyomkera kwa sababu nimewahi kupaka kitu chenye manukato mengi nikaamka na vipele kifuani. Sasa chochote kipya nakipaka kwanza ndani ya mkono, nasubiri siku mbili.

Jambo ambalo kidogo lilikuwa mikononi mwangu nikalichezea ni uzito. Mimba ya kwanza niliongezeka kilo 19, nyingi kati ya hizo katika wiki chache, kwa sababu kila aliyeniona aliniambia nakula kwa watu wawili. Mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida hushauriwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16; aliyeanza mwembamba huruhusiwa zaidi, aliyeanza mnene pungufu ya hapo. Mimba ya pili niliongezeka 13, polepole. Siwezi kusema ndiyo iliyoniokoa, maana kwa tumbo lililokwishapata michirizi ni vigumu kujua. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kujinyima chakula akiwa mjamzito kwa ajili ya mistari. Tena uzito ukiruka ghafla pamoja na uso na mikono kuvimba, au kichwa kuuma na macho kuona ukungu, acha habari za ngozi, nenda ukapimwe presha siku hiyo hiyo.

Baada ya kujifungua ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa.

Hakuna aliyeniambia kwamba michirizi huonekana mibaya zaidi tumbo likishatoka mtoto. Tumbo likiwa limejaa, mistari imenyooshwa. Likilegea, inajikunja, ngozi inakuwa kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikafunguliwa. Na kwa ngozi nyeusi kama yangu, picha za vitabuni hazisaidii: zinaonyesha mistari ya waridi inayogeuka myeupe. Yangu ilitoka zambarau ikaingia weusi mtupu, na nilidhani nina ugonjwa mwingine. Kumbe ndivyo inavyokuwa kwetu. Huanza ya zambarau, myeusi au ya kahawia iliyokolea, kisha kwa miezi sita hadi mwaka na zaidi hupauka mpaka kuwa myepesi kuliko ngozi ya pembeni. Haifutiki, inafifia. Hata ule mstari mmoja mweusi wa katikati ya tumbo, ambao si michirizi bali ni rangi tu, ulikwenda zake wenyewe baada ya miezi kadhaa bila mimi kuugusa.

Sikuwa na subira ya miezi. Mtoto akiwa na wiki kumi nilinunua krimu kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza kwa simu, kopo jeupe lisilo na orodha ya vilivyomo, lina maandishi tu kwamba linafuta michirizi kwa siku 14. Na kweli, siku ya kumi tumbo lilikuwa limeng'aa. Nikapaka na mapajani. Mwezi wa pili ngozi ya mapajani ikawa nyembamba, naona mishipa, na hapo hapo mapajani kikatoka kitu ambacho sikukitegemea: michirizi mipya, mipana, myekundu, sehemu ambayo mimba haikuigusa.

Daktari wa ngozi hakuhitaji muda mrefu. Aliivuta ngozi kidogo kwa vidole viwili, akaniuliza nimepaka nini, nikampa kopo. Akaniambia kwa hali ile anashuku steroidi kali. "Hii dawa unayoipaka kufuta michirizi," akasema, "ndiyo inayoichora." Steroidi zinafanya kile kile ambacho kotizoli hufanya, tena kwa nguvu zaidi: zinadhoofisha nyuzi mpaka ngozi inapasuka kwa kuvutwa kidogo tu. Akaniuliza mtoto ananyonya? Ananyonya. Analala kifuani kwangu? Analala. Aliposema kwamba baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, na kwamba zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini na kumdhuru mtoto, nilihisi miguu inaisha nguvu. Yangu haikupimwa, kwa hiyo sijui ilikuwa na nini hasa. Michirizi ya tumboni imefifia siku hizi. Ile ya mapajani, niliyojichora mwenyewe, ndiyo mipana kuliko yote mwilini.

Nilimuuliza kuhusu tiba halali. Alikuwa mkweli. Kuna dawa za jamii ya vitamini A za kupaka, kama tretinoini, ambazo huweza kusaidia michirizi ingali mipya na ina rangi, ila mjamzito hatakiwi kuzipaka, na anayenyonyesha asianze bila daktari wake kumruhusu. Kuna miale ya leza, na kuna sindano ndogondogo za kuichokoza ngozi itengeneze kolajeni upya. Vyote hupunguza, hakuna kinachofuta, na kwa ngozi nyeusi mashine ikiwa mikononi mwa asiyejua inaweza kuacha madoa meusi kuliko hiyo michirizi. Nilishukuru, nikaenda zangu nyumbani. Sijarudi. Si kwa ushujaa. Nilipiga hesabu nikaona fedha hiyo ina kazi nyingine.

Mimba ya pili ilikuja nina miaka 29, na safari hii nilikuwa mkaidi. Nikaamua kujijaribu mwenyewe. Kuanzia wiki ya 16 nilipaka mafuta nusu ya kulia tu, kitovu kikiwa mpaka. Nusu ya kushoto niliiacha kavu. Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa. Kila Jumapili alishika kioo, mimi nikahesabu.

Jaribio lilikufa wiki ya 31, na lililoliua ni muwasho. Nusu ya kushoto iliwasha mpaka nikawa najikuna na kona ya meza. Nilijitupa kitandani nikaipaka yote kwa hasira. Kwenye michirizi, matokeo yalikuwa haya: mipya minne kulia kwenye mafuta, mipya mitatu kushoto pakavu. Najua tumbo moja si utafiti, na mtoto huenda alikuwa ameegemea upande mmoja. Lakini kuhusu muwasho hapakuwa na ubishi. Kulia palikuwa patulivu, kushoto palikuwa moto. Mafuta yalikuwa yanafanya kazi, sema si ile iliyoandikwa kwenye chupa.

Sasa nieleze habari ya wiki ya 34, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilianza kuwashwa tena. Kwa kuwa nilikuwa napaka tumbo lote, nilidhani ngozi imezoea mafuta, nikabadili. Ikawa bure. Usiku ndiyo ilikuwa balaa: nikilala tu, inaanza. Niliwauliza waliozaa, na kila mmoja alinijibu kwa sauti ile ile ya uzoefu: "Ni michirizi inakuja hiyo. Ukiwashwa ujue inatoka." Nami nikaamini, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa kweli. Nikaongeza mafuta. Nikawa naamka saa nane za usiku, naenda kukanyaga sakafu baridi bafuni, nasimama pale mguu mmoja mmoja kama korongo, najisemea mimba za siku hizi zina visa.

Hebu soma tena sentensi hiyo. Nilikuwa napooza nyayo. Kwa wiki nzima na nusu nilikuwa napaka mafuta tumboni na kupooza nyayo, na sikuwahi kujiuliza tangu lini mtu akapata michirizi kwenye nyayo.

Kliniki nilikwenda kwa mahudhurio ya kawaida tu. Mkunga alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Akanipima presha, akapitisha futi ya kamba kutoka kinenani hadi juu ya tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto. Akafunga kadi. Nikasema, nikiwa nimeshasimama, kwa mzaha, "Mama, michirizi ya safari hii inaniwasha hadi silali."

Akafungua kadi tena. "Inakuwasha wapi?"

"Kila mahali."

"Nionyeshe wapi zaidi."

Nilinyoosha mikono bila kufikiri, viganja juu. Akavishika vyote viwili, akavisogeza dirishani. Katikati ya viganja palikuwa pamechubuka kwa kukunwa na hapakuwa na kipele hata kimoja. Akaniuliza na nyayo? Na nyayo. Usiku zaidi? Usiku zaidi. Mkojo una rangi gani? Choo kimepauka? Akanivuta kope la chini, akatazama weupe wa jicho. Kisha akaandika karatasi ya damu, na hakuandika kesho.

Ilikuwa ini. Kuna hali inayowapata baadhi ya wajawazito, aghalabu katika miezi mitatu ya mwisho, ambapo nyongo haitiririki inavyotakiwa na asidi zake zinajaa kwenye damu. Hizo ndizo zinazowasha. Hazina upele, vipele na michubuko unayoiona ni ya kucha zako mwenyewe. Hupenda viganja na nyayo, hupenda usiku, na wakati mwingine mkojo hukolea, choo hupauka, macho huwa ya njano. Mama anateseka, ila wa kuogopewa ni mtoto: asidi hizo zikipanda sana, hasa kufikia maikromoli 100 kwa lita na kuendelea, hatari ya mtoto kufia tumboni inaongezeka. Yangu ilikuwa 52. Daktari alinieleza kwamba kwa kiwango kile hatari ilikuwa bado ndogo, lakini haiachwi ijiendee yenyewe. Nikawa napima damu kila wiki. Nilipewa vidonge vya nyongo, akaniambia bila kuficha kwamba vinaweza kupunguza muwasho kidogo ila visinipe usingizi wa pono kuhusu mtoto. Kinacholinda ni kupima na kuchagua vizuri siku ya kuzaa. Losheni baridi yenye mentholi ilinisaidia kulala saa mbili mbili. Nguo pana za pamba, kuoga maji ya uvuguvugu badala ya moto, ndiyo hayo.

Wiki ya 38 nilianzishiwa uchungu. Mtoto alilia kabla hajatoka vizuri. Siku ya tatu niliamka asubuhi nikagundua kwamba nimelala, na kwamba viganja vimenyamaza. Walinirudisha kupima ini baada ya wiki sita, likawa limekaa sawa. Wakaniandikia kwenye kadi kwamba nikibeba tena, hali hii mara nyingi hurudi, na kwamba nimtajie yeyote atakayenipa vidonge vya uzazi wa mpango.

Sio kila muwasho wa mimba ni ini, nisitishe watu. Shoga yangu aliyebeba mapacha alipata vipele vyekundu vilivyoanzia ndani ya michirizi yenyewe, vikasambaa mapajani, lakini kitovu na pembezoni mwake pakabaki pasafi kabisa kama kisiwa. Walimwambia hiyo inajulikana, haimdhuru mtoto, wakampa krimu ya steroidi isiyo kali, kwa kipimo na kwa siku za kuhesabu, ikaisha baada ya kuzaa. Ndiyo, steroidi hiyo hiyo niliyoilaani hapo juu. Mikononi mwa anayejua ni dawa.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu. Mimba yake ni ya kwanza, wiki ya 30, na sauti ilikuwa ile yangu ya kioo cha kunyolea.

"Dada, imetoka. Na inawasha. Wewe ulipaka mafuta gani?"

Nikamuuliza inamuwasha wapi. Akasema tumboni. Viganjani je? Hapana. Nyayo? Hapana dada, kwani nyayo zimeingiaje? Usiku unalala? Nalala vizuri tu.

"Basi paka yoyote unayoyapenda," nikamwambia. "Ila upake umekaa."

Akacheka, akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama yatazuia. Nikamwambia ampigie mama, amwombe amwonyeshe tumbo.